Mkosoaji na mtukanaji wasitiwe kapu moja

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala ambao umeshamiri hapa Mombasa tangu kundi moja kubwa la mashabiki wa taarab katika mtandao wa Facebook lilipofunga sehemu ya maoni, baada ya mwimbaji chipukizi, binti wa hapa hapa kisiwani, kutupiwa matusi chini ya wimbo wake mpya. Wengi waliolizungumzia jambo hili, barazani na mitandaoni, wamewapongeza wasimamizi wa kundi kwa kumkinga mwana wa watu. Mimi nawapongeza kwa nusu ya walichokifanya, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike.

Matusi yalikuwa matusi kweli, wala sina nia ya kuyapunguza. Walikuwapo waliomsema umbo, waliomtaja mamake, na mmoja aliyeutaja mtaa anaoishi kisha akauliza ni nani atakayemngoja njiani. Maneno ya namna hiyo yalistahili kuondolewa pale pale yalipoonekana. Lakini katika fagiafagia hiyo yalikwenda pia maoni ya mzee mmoja ambaye wapenzi wa taarab wa Mji wa Kale wanamjua kwa ujuzi wake wa tungo. Mzee huyo alieleza kwamba katika ubeti wa tatu kuna mshororo ambao utao wake, yaani nusu yake ya pili, una mizani (silabi) tisa badala ya nane, ndiyo sababu mwimbaji analazimika kumeza silabi ili asipitwe na fidla, na akaongeza kwamba udi ulikuwa umeshuka kidogo chini ya tashkota, ile ala ya nyuzi yenye vitufe, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Maneno haya mtu yeyote anaweza kuyapima. Mizani huhesabiwa kwa vidole. Ikiwa mzee amekosea, atajibiwa kwa hesabu hiyo hiyo, na ikiwa hakukosea, mtunzi ameonyeshwa mahali penyewe pa kurekebisha kabla wimbo haujaimbwa katika harusi nyingine.

Walioyafuta maoni yake wanasema aliandika kwa ukali, na hilo ni kweli, kwani alisema wimbo umetungwa kwa pupa. Hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Wamepima kwa sauti ya msemaji badala ya kupima kwa kile alichokisema. Ukali si kipimo, na kama kuna watu wanaopaswa kulijua hilo ni sisi wa Pwani, ambao tumelelewa katika lugha ambayo mtu anaweza kukuvunjia heshima mbele ya halaiki bila ya kutamka neno moja baya. Miongoni mwa maoni yaliyosalia kabla ukumbi haujafungwa kulikuwa na lililomwambia binti yule, kwa adabu zote na kwa vibandiko vya maua, kwamba sauti yake itawafaa sana watu wa mtaa wake mwezi wa Ramadhani wakati wa kuamshana kula daku. Aliyeandika hivyo hakukosoa lolote. Alimcheka. Hata hivyo maneno yake yalibaki, kwa kuwa yalivaa kanzu ya pongezi, ilhali ya mzee yalitolewa kwa kuwa hayakuvaa chochote.

Kwa sababu hiyo hiyo sioni kwamba mitambo ya kuchuja maneno itatutoa katika tatizo hili. Mwaka 2021 Instagram iliwapa watumiaji wake chombo cha kuuchuja ujumbe wa faraghani kwa orodha ya maneno, na uchujaji wa maoni ya hadharani kwa njia hiyo ulikuwapo hata kabla ya hapo. Ni chombo kinachofaa pale tusi linapokuwa neno. Kwetu tusi mara nyingi ni fumbo: ni jina la ndege, ni mtajo wa chakula, ni swali kuhusu nazi mbovu, na siku inayofuata fumbo limebadilika. Mtambo utaliona jina la ndege na kuliacha lipite, wakati mtaa mzima wa Kibokoni unajua ndege huyo ni nani. Kazi ya kutofautisha itaendelea kuwa ya binadamu anayeijua lugha na anayewajua watu.

Wapo wanaosema kwamba zamani hapakuwa na uhasama wa namna hii, kwamba mashabiki wa kale walikuwa na staha. Huko ni kuipamba zamani. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yamejaa vijembe kwa watu wa Lamu na kwa wapinzani wengine wa Mombasa iliyokuwa chini ya utawala wa Wamazrui, na washairi wa Lamu, Zahidi Mngumi akiwa mmoja wao, hawakukaa kimya. Katika karne ya ishirini vyama vya akina mama vya lelemama, ngoma ya wanawake, mjini humu, vikiwamo Banu Saada na Ibinaal Watan, vilishindana kwa mavazi, kwa ngoma na kwa nyimbo, na nyimbo hizo hazikuwa za kubembelezana. Mtu aliyefanya aibu aliweza kuisikia aibu yake ikiimbwa, na mashabiki wa kila upande walikuwa wakali kuliko waimbaji wenyewe. Yeyote anayedhani kwamba ushabiki wa chuki uliletwa na simu hakuyasikiliza masimulizi ya bibi zake.

Lakini kuna jambo moja ambalo kujibizana kwa kale kulikuwa nalo, na ambalo makundi ya leo hayana. Mshairi aliyejibu shairi alitarajiwa kujibu katika bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, na mara nyingi kwa vina vile vile. Ili afanye hivyo alilazimika kwanza kulisoma shairi la mwenzake mshororo kwa mshororo, ajue limejengwa vipi na limesema nini, kisha akae na kalamu. Kanuni hiyo haikuondoa uchungu wa maneno, ila ilihakikisha kwamba aliyekujibu amekusikiliza kwanza, na kwamba asiyekuwa na la kusema hakuweza kulisema. Hata ule mgogoro mkubwa wa mashairi huru, yale yasiyofungwa na vina na mizani, uliozuka miaka ya 1970, ambapo kina Euphrase Kezilahabi walikuwa upande mmoja na wanamapokeo kama Saadan Kandoro upande wa pili, ulikuwa na maneno makali yenye kuumiza, na bado pande zote mbili zilikuwa zikizungumza juu ya vina, mizani na sauti ya mshairi wa Kiswahili. Wanafunzi wa fasihi wanausoma mgogoro huo hadi leo kwa sababu una kitu ndani yake.

Siwataki mashabiki wa Facebook wajibizane kwa tarbia, mashairi ya mishororo minne kila ubeti, ingawa ningefurahi sana kuona hivyo. Ninachosema ni kwamba sharti dogo kama lile linaweza kuwekwa hata leo. Msimamizi wa kundi anaweza kudai kwamba anayekosoa wimbo ataje ni wimbo gani, ni ubeti gani au ni dakika ya ngapi, na aseme kimemkera nini hapo. Sharti hilo halimzuii mkosoaji wa kweli, kwa sababu ndivyo asemavyo tayari. Linamzuia aliyekuja kutukana, kwa kuwa yeye hakuusikiliza wimbo. Nimeona likitumika katika kikundi kidogo cha WhatsApp cha wapenzi wa mashairi ambacho mimi ni mmoja wa wasimamizi wake, na maneno yaliyopungua humo yalikuwa zaidi yale yasiyomfaa mtu, huku mabishano yenyewe yakirefuka. Siku moja watu walibishana tangu alasiri hadi baada ya isha juu ya neno moja la Kimvita katika kibwagizo, na hakuna aliyetaja nyumba ya mtu.

Nirudi kwenye suala la kufunga. Kufunga ukumbi mzima ni dawa inayojaribiwa kila mahali, na matokeo yake tunayajua. Mwaka 2021, kuanzia tarehe 30 Aprili hadi tarehe 3 Mei, vilabu vya soka vya Uingereza pamoja na wachezaji wengi na vyombo vya habari walinyamaza kabisa katika mitandao ya kijamii kupinga matusi ya kibaguzi. Ilikuwa ishara yenye heshima na siidharau. Lakini wiki kumi hivi baadaye, usiku wa tarehe 11 Julai, Uingereza iliposhindwa na Italia kwa mikwaju ya penalti katika fainali ya Euro 2020, Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka walimiminiwa matusi ya rangi kwa wingi wa kutisha, na Saka alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Mashabiki wa Arsenal hapa Mombasa, ambao idadi yao si haba, wanakumbuka vizuri. Wanakumbuka pia kwamba usiku ule ule kulikuwa na swali halali kabisa, nalo ni kama kocha Gareth Southgate alifanya sawa kumpa kijana huyo mkwaju wa tano, na swali hilo lilizama katika uchafu kiasi kwamba kwa siku kadhaa aliyeliuliza alionekana kama mmoja wa wachafuzi.

Hiyo ndiyo hasara ya pili ya matusi, na watu huitaja kwa nadra. Tusi humuumiza mtukanwa kwanza, kisha humnyang'anya mkosoaji nafasi yake, kwa sababu baada ya matusi kila neno lisilo la sifa hushukiwa. Nilifurahi kuona kwamba katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, FIFA kwa kushirikiana na chama cha wachezaji, FIFPRO, ilizipa timu huduma ya kuyaficha maoni ya matusi yasimfikie mchezaji wala wafuasi wake. Iwapo huduma hiyo ilifanikiwa kwa kiasi gani ni mjadala mwingine, lakini mwelekeo wake ulikuwa sahihi: liondolewe tusi, mazungumzo juu ya mchezo yaendelee.

Sasa niseme kuhusu kanuni. Kundi lililonichochea kuandika lina kanuni moja tu kuhusu maneno, nayo inasema kwamba maoni ya kuudhi hayaruhusiwi. Kanuni ya namna hii ni mtego, na nchi yetu imewahi kunaswa nao. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya kilimfanya mhalifu mtu aliyetuma ujumbe wa kuudhi kupita kiasi, au wa uongo wenye nia ya kukera, na mwezi Aprili mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba, sababu moja ikiwa kwamba maneno yake yalikuwa mapana na yasiyo na mpaka kiasi kwamba mwananchi hakuweza kujua ni lipi lililokatazwa. Ikiwa kipimo hicho kilikuwa kipana mno kwa dola yenye mahakimu na mawakili, kitakuwaje chembamba mkononi mwa msimamizi wa kundi anayefuta maoni saa sita za usiku akiwa na usingizi? Kila ukosoaji unamuudhi mtu. Anayeambiwa udi wake umeshuka ataudhika, tena ana haki ya kuudhika.

Badala ya kukataza kuudhi, kanuni itaje vitendo. Kumsema mtu umbo lake, dini yake, kabila lake au jamaa zake; kutoa habari za nyumbani kwake au nambari yake ya simu; kumtishia; kumfuata katika ukurasa wake binafsi baada ya mjadala kwisha; kuwaita wenzako mje mumshambulie kwa pamoja. Hivyo ni vitendo vinavyotambulika na shabiki yeyote, awe wa Likoni au wa Kisauni, bila ya kuhitaji kuipima roho ya msemaji. Msimamizi anapoliondoa jambo la namna hiyo, aseme wazi limeondolewa kwa kuvunja kipengele gani, na ahifadhi nakala yake, kwa kuwa huenda ikahitajika. Vitisho vina njia yake nyingine kabisa. Aliyeuliza ni nani atakayemngoja binti wa watu njiani si suala la uvumilivu wa wasimamizi hata kidogo. Unyanyasaji wa mitandaoni umetajwa katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, na maneno yale yalipaswa kupigwa picha pamoja na jina la akaunti na saa yake, kisha yapelekwe polisi. Yalifutwa pamoja na hesabu za mizani, na ushahidi ukapotea.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo naiheshimu kuliko nyingine zote. Baadhi ya wazee wetu wanasema kwamba nasaha hutolewa faraghani, na wanazitaja beti zinazonasibishwa na Imamu Shafii, ambamo anamwomba mwenye kumnasihi amnasihi wakiwa peke yao, kwa sababu nasaha ya hadharani ni aina ya karipio. Kwa mwenendo wa mtu nakubaliana nao moja kwa moja. Kama mwimbaji amechelewa kufika harusini, au amemjibu vibaya mwenye shughuli, hilo aambiwe pembeni na mtu anayemtakia heri. Lakini wimbo uliowekwa hadharani ili usikilizwe na kila mtu si siri ya mwimbaji tena. Ukikosolewa hadharani kwa haki, wanaofaidika si mwimbaji peke yake. Wapo watunzi wachanga kadhaa wanaosoma kimyakimya na kujifunza kwamba utao una mizani yake. Tukiyahamishia yote faraghani, hao watajifunza wapi? Magwiji walioijenga taarab ya Mombasa, kina Juma Bhalo na Zein l'Abdin, walitumbuiza mbele ya watu waliokaa nao uso kwa uso, na msikilizaji wa harusi ya Pwani hajui kuficha wimbo unapomchosha. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kuhusu adabu ya mkosoaji sina mengi. Kijana anayemkosoa mtu mzima aanze kwa kumwita kwa jina la heshima, Bi au Maalim au Mzee, kama ambavyo angefanya wakikutana Makadara, na akishasema mara moja inatosha. Anayerudia jambo lile lile chini ya kila wimbo amekwisha kuacha kukosoa.

Kuhusu mashabiki ninayo zaidi, kwa kuwa katika kisa hiki ndio walioniudhi kuliko hata watukanaji. Yule mzee, kabla maoni yake hayajafutwa, aliandamwa na wapenzi wa mwimbaji kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, nao waliamini kwamba wanamtetea dada yao. Mtindo huu wa shabiki kujifanya askari tumeuona ukikua tangu miaka ya 2010, wafuasi wa Diamond Platnumz na wa Alikiba walipojigawa katika timu mbili zilizotukanana kwa niaba ya wasanii ambao pengine hawakuwa na habari na nusu ya ugomvi huo. Katika taarab ushindani si jambo geni. Khadija Kopa na Nasma Khamis walipambana kwa mipasho jijini Dar es Salaam, kila mmoja na kundi lake, na ukumbi ukajaa. Lakini pale waliopambana walikuwa waimbaji, wakiwa jukwaani na vipaza sauti mkononi, na shabiki aliyetaka kusema lake alinyanyuka na noti yake, akaenda kutuza kwenye mshororo uliomgusa, na hasimu wake akaelewa. Shabiki wa leo hatuzi. Anamvamia msikilizaji mwenzake.

Mwimbaji mwenyewe ana uwezo juu ya jeshi hilo kuliko msimamizi yeyote. Maneno mawili kutoka kwake, kwamba aliyehesabu mizani asisumbuliwe, yangetosha kulituliza kundi. Simlaumu kwa kunyamaza, maana alikuwa akipigwa kutoka kila upande na ni mgeni katika mambo haya. Ningemshauri tu, yeye na wenzake wanaochipuka, wasiyasome maoni usiku wimbo unapotoka. Amkabidhi kazi hiyo ndugu au rafiki mwenye kifua, amchambulie, amletee asubuhi yale yanayotaja ubeti, ala au sauti, yawe matamu au machungu, na yaliyobaki asionyeshwe kabisa. Asijibu siku hiyo. Na yakija mawili au matatu kutoka kwa watu wasiojuana yakionyesha mahali pamoja, hapo apasikilize.

Ninapoandika barua hii sehemu ya maoni ya kundi lile bado imefungwa. Ninawaomba wasimamizi wake waifungue, waandike kanuni inayotaja vitendo, na wateue angalau wawili miongoni mwao wasio na ujamaa na msanii yeyote ili wao ndio waamue lipi liondoke. Ninawaomba pia wamtake radhi yule mzee na wamwombe ayaandike tena maoni yake, kwa kuwa wimbo ule bado unaimbwa harusini na ule mshororo bado una mizani tisa. Nawe Bwana Mhariri, kama utaona inafaa, ukurasa wako wa utamaduni ungeweza kutenga nafasi ya uhakiki wa nyimbo za taarab zinazotolewa hapa Pwani, uhakiki wenye jina la mwandishi chini yake, na mtunzi apewe nafasi ya kujibu wiki inayofuata.

Wako mwaminifu,
Shabiki wa taarab,
Mji wa Kale, Mombasa